Mwezi wa Saba

Baba alituachia mashua moja, nyavu mbili na daftari la jalada gumu ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba lipo. Tulilikuta chini ya sanduku lake la nguo siku ya nne baada ya mazishi, limefungwa kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu. Kurasa za mwanzo zilibandikwa picha za magazetini kwa uji mzito wa unga. Mende walikuwa wamekula pembe za karatasi, lakini picha zenyewe zilionekana bado: roketi imesimama wima, mtu aliyevaa kofia ya kioo, uso wa mwezi wenye mashimo, vijana wa Kiafrika, nadhifu kwa suti na gauni, wakipanda ngazi ya ndege. Katikati ya picha hizo, bila mpaka wowote, palikuwa na jeneza limebebwa mabegani mwa watu. Chini yake baba, akiwa mtoto wa miaka 13, aliandika kwa penseli maneno matatu tu: mwezi wa saba.

Kiswahili kina neno moja kwa mwezi unaoangaza usiku na kwa mwezi wa kalenda. Kijaluo nacho ni vivyo hivyo: dwe ni ule wa angani, na dwe ni ule wa mshahara. Mtoto yule alimaanisha Julai, Julai ya mwaka 1969. Lakini kila nikilifungua daftari lake naona kwamba penseli iliandika miezi miwili kwa neno moja, na kwamba maisha yote yaliyofuata aliyaishi katikati ya miezi hiyo miwili.

Kwetu ni Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria nchini Kenya, na huko kizazi cha baba kiliijua anga ya wanasayansi kwa masikio kabla ya macho. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, na kabla ya miezi minne kutimia, tarehe 4 Oktoba, Warusi wakarusha Sputnik. Televisheni ilipoanza nchini mwaka 1962, mawimbi yake yaliishia karibu na Nairobi. Kilichotufikia sisi ni redio, nakala za Taifa Leo na Baraza zilizosomwa na mikono mingi hadi zikachanika kwenye mikunjo, na mara moja moja gari la sinema lililotundika shuka jeupe kwenye uwanja wa shule, jenereta ikinguruma kando. Redio ya kijiji ilikuwa ya mwalimu. Betri zake zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu za taarifa ya habari ya jioni, na watoto walipeana zamu ya kuzilinda. Baba alinisimulia kwamba zamu hiyo ilikuwa heshima. Aliyelinda betri alikaa karibu kabisa na redio usiku.

Jambo ukilisikia bila kuliona, hulijenga kwa vifaa ulivyo navyo. Yuri Gagarin alizunguka dunia kwa dakika 108 tarehe 12 Aprili 1961, na mwaka huohuo meli ya MV Victoria ilianza safari zake ziwani. Meli ile ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu. Kwa hiyo watu waliposimulia habari za chombo cha angani, watoto wa ufukweni walikichukulia kama Victoria nyingine: kitu cha chuma kinachobuniwa mbali, kikafika kwa mabehewa, kisha mafundi wetu wakakipigilia misumari ya mwisho. Babu yake baba alikuwa na picha yake pia. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways, zikipita kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika, zilitua juu ya maji pale Kisumu, zikaelea kama mabata. Miaka mingi baadaye alipoambiwa kwamba wale waliokwenda mwezini walirudi kwa kutua baharini, hakushangaa. Alisema hivyo ndivyo vyombo vya juu vinavyofanya, vinatafuta maji.

Nayataja haya kwa sababu yamepotea, na hakuna aliyeyazika kwa heshima. Siku hizi mtoto wa Mbita anaweza kuitazama roketi ikipaa kwenye simu, kwa rangi zote, na isimguse. Redio ya mwalimu haikuonyesha kitu. Iliacha nafasi tupu, na katika nafasi hiyo msikilizaji alijiweka mwenyewe. Ndoto ya kwenda mwezini haikuwa ya Wamarekani na Warusi peke yao, maana kila usiku iliundwa upya kwa ubao wa mashua zetu na kwa umbo la milima yetu. Baba alipokuwa mdogo aliamini kwamba Mlima Homa, ulivyochongoka ukitazamwa kutoka majini, ndio mahali panapofaa kurushia.

Tena palikuwa na ngazi, na ngazi ile ilikuwa ya kweli. Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani, na aliyeipanga safari hiyo alikuwa Tom Mboya, mwana wa Rusinga. Machi 1960 sura yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Time. Julai mwaka huohuo alikwenda kumwona seneta mmoja aliyekuwa akigombea urais, John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa ajili ya ndege za mwaka huo. Vijana waliopita katika mpango ule hadi mwanzoni mwa uhuru walikaribia 800, na Wangari Maathai alikuwa mmoja wao. Miezi kumi baada ya Mboya kumwona, tarehe 25 Mei 1961, Kennedy yuleyule, sasa akiwa rais, alisimama mbele ya Bunge la Marekani akaomba fedha za kumpeleka mtu mwezini kabla ya muongo kwisha.

Mtu mmoja alisaidia safari zote mbili. Watoto wa Rusinga hawakujua hesabu za wakfu wala za Bunge, lakini hawakukosea walipoona njia moja. Picha za ndege ya wanafunzi na picha za roketi zilitoka katika magazeti yaleyale, zikakatwa kwa wembe uleule, zikabandikwa ukurasa mmoja. Atokaye Rusinga akafika Nairobi, akatoka Nairobi akafika New York, amebakiza nini? Hata Jaramogi Oginga Odinga, mpinzani wa Mboya, alikuwa na ngazi yake. Alizuru Moscow mwaka 1960 na akawatafutia vijana nafasi za masomo katika nchi za mashariki. Kwa hiyo mbio za anga kati ya mataifa makubwa hazikuwa habari ya mbali kwetu. Kila upande ulikuwa na mlango hapa ziwani, na kila mlango ulikuwa na mwana wetu aliyeshika ufunguo.

Kuna tarehe nyingine ambayo baba hakuijua, nami niliigundua nikiwa nimekwisha kumzika. Neil Armstrong alizaliwa tarehe 5 Agosti 1930. Tom Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930. Walipishana kwa siku kumi. Wangezaliwa kijiji kimoja wangechunga pamoja, wangeogelea pamoja, wangeitwa rika moja. Julai 1969 wote wawili walikuwa na miaka 38.

Jumamosi tarehe 5 Julai, mchana, Mboya alitoka duka la dawa katika barabara ambayo leo ni Moi Avenue, Nairobi, akapigwa risasi. Redio iliyokuwa ikileta habari za mwezi ndiyo iliyoleta habari hiyo. Baba alikumbuka kwamba mwalimu aliizima, kisha akaiwasha tena, kama mtu anayetumaini kwamba ikiwashwa upya itasema jambo jingine. Ijumaa tarehe 11 mwili ulizikwa Rusinga. Hapakuwa na barabara ya kuvukia mlango wa Mbita siku hizo. Watu walikuja kwa mashua na kwa feri, na kisiwa kikajaa hadi baba akapanda mti ili aone. Zilikuwa siku za giza. Mwezi ulikuwa umebakia ukucha mwembamba unaotokea karibu na alfajiri, na siku tatu baadaye ukatoweka kabisa. Wanaokumbuka usiku ule wa mazishi wanasema giza lake halikuwa na kipimo.

Jumatano tarehe 16 Apollo 11 ikarushwa. Matanga yalikuwa hayajaisha. Usiku wa Jumapili tarehe 20, kwenye saa tano na robo kwa saa zetu, chombo kilitua. Mwezi wenyewe, mchanga, wa siku sita, ulikuwa chini upande wa magharibi, juu ya ziwa, umekaribia kuzama. Armstrong aliposhuka ngazi ilikuwa saa 11 na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu. Kwetu mwezi ulikuwa umekwisha kuzama. Mtu alikanyaga mwezi wakati anga ya Rusinga haikuwa na mwezi, na kaburi lilikuwa na siku kumi.

Baba alikuwa karibu na redio. Ilikuwa zamu yake. Alisema hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu aliwaambia watoto, kwa sauti ya chini, kwamba watu wamefika. Mama mmoja akauliza, wamefika wapi? Akajibiwa, mwezini. Akasema, na yule mwingine je, amefika? Kila mtu alielewa alimaanisha nani. Basi wakakaa hivyo, redio ikiendelea, hadi jua lilipochomoza.

Waswahili husema kifo cha wengi ni harusi. Sijawahi kusikia methali inayosema kifo kinakuwa nini pale ambapo dunia nzima inasherehekea jambo jingine. Naamini hapo ndipo msiba wa baba ulipokwama. Mwenye kufiwa huhitaji ulimwengu usimame kidogo, majirani wapunguze sauti, mifugo ichelewe kutolewa. Julai ile ulimwengu haukusimama, uliruka. Na kilichoruka ndicho kilekile alichokuwa akikiota tangu alipojua kusoma. Hakuweza kukifurahia bila kumsaliti marehemu, wala hakuweza kukichukia bila kujisaliti mwenyewe. Kwa hiyo alifanya alichoweza mtoto: akakata picha zote mbili, akazibandika zikigusana, akaandika maneno matatu.

Baada ya hapo uko ukurasa mmoja tu wenye picha. Nao ni wa Kisumu. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Majonzi ya Julai yalikuwa bado mabichi, maneno makali yakarushwa kati yake na Odinga mbele ya umma, fujo zikazuka, askari wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Kisumu haijawahi kukubali kwamba idadi iliishia hapo. Siku chache baadaye KPU, chama cha Odinga, kikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini. Miongoni mwao alikuwa Achieng Oneko, ambaye ndiye aliyekuwa waziri wa habari na utangazaji redio ya taifa ilipoanza kuitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964. Mlango wa magharibi ulifungwa Julai, mlango wa mashariki ukafungwa Oktoba, na hata aliyekuwa amekabidhiwa sauti alinyamazishwa.

Hospitali ile imebadilishwa majina zaidi ya mara moja, na leo inaitwa kwa jina la Jaramogi. Wenyeji bado wanaiita Russia. Mimi nilizaliwa Russia. Ndugu zangu wanne walizaliwa Russia. Hilo ndilo lililobaki Kisumu kutokana na mbio za mataifa makubwa: wadi yenye vitanda, na jina ambalo mama mjamzito anamtajia mwendesha bodaboda usiku wa manane. Si haba. Naliandika kwa shukrani.

Baba alifanya mtihani wa darasa la saba mwishoni mwa mwaka ule, akapita, na karo haikupatikana. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba aliyekuwa akituitia ndege ameondoka. Akaingia ziwani.

Nilipokuwa na miaka saba alinipeleka kuliona kaburi la Mboya kwa mara ya kwanza. Jengo lililo juu ya kaburi limechongwa kwa umbo la risasi, pana chini, jembamba juu. Sikuwa nimewahi kuona risasi. Nilikuwa nimeona picha kwenye kitabu cha shule, nikamuuliza, "Baba, hii ni roketi?" Alikaa kimya kwa muda mrefu hadi nikadhani nimemkosea. Kisha akaniambia, "Ni risasi." Tukazunguka jengo lote, tukarudi mlangoni. Hapo akaongeza, kama anayejibu swali ambalo hakuulizwa na mimi, "Zinafanana."

Zinafanana kwa sababu kazi yao kwa hewa ni moja: kuipasua. Fundi wa roketi na fundi wa risasi wanaanza na ncha ileile. Nimelifikiria neno lile la baba kwa miaka mingi, na sasa nadhani nalielewa. Hakuwa akisema kwamba ndoto na mauaji ni kitu kimoja. Alikuwa akisema kwamba kwake haviwezi tena kutazamwa mbalimbali, na kwamba mtoto wake, aliyeona roketi pale pale ambapo yeye aliona risasi, alikuwa amemrudishia kitu kwa nusu dakika, kisha yeye akalazimika kukikataa kwa sababu hakutaka kunidanganya.

Kuna picha moja ambayo daftari halina. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya saba ya uhuru wetu, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilitengenezwa na Wamarekani, ikarushwa na Waitaliano, na kwa heshima ya siku ile ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni. Katika kazi yake ilisaidia kutambua kitu kinachoitwa Cygnus X-1, nyota iliyojiangukia yenyewe hadi hata mwanga hautoki. Haionekani. Hujulikana kwa namna inavyoivuta nyota jirani yake, ambayo inaendelea kung'aa na kuzunguka mahali panapoonekana patupu. Mtoto aliyebandika roketi zote zile alikuwa hai, umri wa miaka 14, kitu kikirushwa angani kutoka pwani ya nchi yake kwa jina la lugha aliyoisoma shuleni, na hakukata picha. Kwangu ukurasa ule usiokuwepo ndio mzito kuliko yote.

Kwa miaka mingi nilidhani daftari linaishia pale kwenye Oktoba. Siku moja nililigeuza, nikaanza kulisoma kutoka nyuma. Kurasa zote za upande wa pili zimejaa mwandiko wa mtu mzima: hesabu za omena, dagaa wa ziwa letu. Madebe yaliyouzwa, gorogoro walizopewa wajane, mafuta ya karabai, deni la mtengeneza mashua. Na pembeni ya kila hesabu, kwa miaka zaidi ya 30, amechora duara dogo. Duara lililojaa wino, duara lenye ukucha, nusu duara, duara tupu.

Yeyote aliyelala kando ya ziwa letu ataelewa mara moja. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Karabai, na siku hizi taa za umeme wa jua, huelezwa majini juu ya vyelezo; wadudu hufuata mwanga, samaki hufuata wadudu, na nyavu huzungushwa. Lakini mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, maana samaki hutawanyika katika mwanga ulioenea kila mahali. Kwa hiyo mvuvi wa omena huishi kwa kuhesabu mwezi. Hupumzika unapojaa na huingia kazini unapokufa, kama baba alivyozoea kusema. Usiku wa giza, ukisimama ufukweni Dunga au juu ya kilima cha Rusinga, unaona mamia ya taa zimetandazwa hadi upeo wa macho, na mgeni huuliza ule ni mji gani.

Baba hakuacha kuutazama mwezi. Nilikuwa nimeamini kwamba Julai ile ilimnyang'anya, na nikamhurumia kwa miaka mingi kwa jambo ambalo halikuwa kweli lote. Alichonyang'anywa mtoto yule ni imani kwamba sauti ya redio ilikuwa ikimwita yeye kwa jina. Mwezi wenyewe alibaki nao. Aliuandika usiku baada ya usiku kwa kalamu ya bei rahisi, akaulipia karo yetu sote, na hakutuambia kwamba alikuwa anauandika.

Sheria hufunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaliane. Kwa hiyo mwezi wa saba ziwa halina taa, na mimi nimeona hivyo kuwa sawa. Ziwa nalo likae matanga. Agosti huja na taa, na Agosti ndio mwezi waliozaliwa wote wawili, yule wa siku ya tano na yule wa siku ya kumi na tano.

Mwaka huu tulipofunguliwa nilisubiri giza, nikashusha mashua yake pamoja na vijana watatu. Kabla ya kutoka nilifungua daftari kwenye ukurasa wake wa mwisho. Duara lilikuwa limejaa wino, na mbele yake neno moja, tunaingia. Chini yake nikaweka tarehe. Kisha nikachora duara, nikalijaza wino taratibu, nikahakikisha hakuna mahali palipobaki peupe.